Kaburi la Bruno

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 2024, Bukavu iliamka na manyunyu, na ukungu ulikuwa umefunika ziwa lote. Eulalie alipanda mtaa wa mlimani wa Kadutu polepole, akiwa na uchovu ule ambao usingizi hauuondoi. Ulikuwa mwaka wa tatu wa kuvaa nguo nyeusi. Mume wake, Bruno, alifukiwa na udongo katika shimo la dhahabu kule Kamituga, na mwili haukupatikana. Mama mkwe wake, Maman Mapendo, alikata neno: pasipo kaburi, msiba hauondolewi. Na mjane aliye msibani hachezi.

Kwa hiyo katika ukumbi wa parokia, ambamo wanawake walikutana kupoza mioyo kwa kucheza, Eulalie alikaa tu kwenye benchi.

"Hiyo benchi itakuoa siku moja," alitania Chantal, aliyewaongoza.

"Inioe na hii nguo?"

Wanawake walicheka. Chantal akaja karibu. "Basi usicheze. Uache tu mikono ifanye yenye inataka."

Eulalie alifumba macho. Bwana, nimechoka, aliomba. Mikono ikashika jembe lisilokuwepo. Akainama, akachimba chini, akainuka, akachimba tena. Lydie, mpiga ngoma, akafuata mwendo wa jembe. Mmoja mmoja wanawake wakasimama, wakachimba pamoja naye. Kisha wakanyanyua kitu kizito kisichoonekana, wakakishusha taratibu. Eulalie alisukuma udongo kwa viganja mpaka paji la uso likagusa sementi, akalia bila sauti.

Alipoinua kichwa, Maman Mapendo alikuwa mlangoni, mwavuli wake ukichuruzika. Watu walikuwa wamempasha habari kwamba mkwewe anakwenda kwenye ngoma.

"Nilikuya kukugombeza," alisema.

Lakini alikuwa ameona yote; akaitazama sementi.

"Mulimuweka wapi?"

Eulalie alionyesha mbele ya magoti yake. Mama yule alivua viatu, akapiga magoti kwa shida, akafanya ishara ya msalaba. Akaipigapiga sementi kwa kiganja, kama mtu anayeshindilia udongo. Alikaa pale muda mrefu, na ilibidi wawili wamwinue.

"Chantal, na ninyi bamaman bote, musikie," alisema, pumzi zikimpungukia. "Mutoto wangu amezikwa. Siku ya Mungu yenye inakuya, misa ikiisha, mimi mwenyewe nitamuvula Eulalie hii nguo nyeusi. Nimesema mbele yenu."