Kidato cha Katikati ya Korido

"Nyanyua mguu, wifi! Unatoka bondeni, unaingia kwa wenye fundi," alisema mshonaji bila kuinua macho kwenye cherehani.

Utani huo ulikuwa mkongwe kuliko sare zote za shule alizowahi kuzishona. Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mume wake, alishika ukuta, akanyanyua mguu na kukipanda kidato kilichokuwa katikati ya korido. Hakucheka. Zamani alikuwa walau akitabasamu kwa pembe ya mdomo. Nyuma yake alikuja mwanamume mwenye kitambi, futikamba kiunoni, na mpira mrefu wa maji, wa kupimia usawa, ameuzungusha begani. Alikuwa mkandarasi aliyetumwa na mnunuzi kuikagua nyumba. Mshonaji akambatiza palepale, kimoyomoyo: Bwana Futi.

Nyumba ile ilikuwa ya ubia. Nusu ya mbele, tangu mlango wa barabarani hadi kwenye kidato, ilikuwa ya mshonaji. Nusu ya nyuma, tangu kidato hadi uani, ilikuwa ya wifi, ambaye alikuwa ameipangisha na kuhamia kwa binti yake, akilala chumba kimoja na wajukuu. Patano lao lilikuwa la mdomo tu: hakuna kuuza mpaka wote wawili waitikie. Sasa wifi alitaka kuuza, na mnunuzi aliitaka nyumba nzima au aachane nayo. Jibu la mshonaji lilikuwa tayari mdomoni tangu alfajiri. Haitikii ng'o! Kila tofali la nusu ya mbele lilipita mikononi mwa mume wake. Auze nini? Auze mikono ya marehemu?

Ah, zilikuwa siku tamu zile. Yeye bi harusi wa juzi, anashona kwenye kibaraza cha watu. Wifi mpishi wa shule, ananuka moshi kuanzia kilemba hadi kandambili. Hakuna aliyeweza kujenga peke yake, wakaunganisha vijisenti vyao. Mume wake, mdogo wake wifi, alikuwa saidia fundi wa siku nyingi, mtu wa kubebeshwa zege na kutumwa maji. Nyumba hii ndiyo ingekuwa ya kwanza kwake kusimama kama fundi. Wifi akakataa kumpa nusu yake.

"Ndugu simpi kazi yangu," alisema. "Akikosea nitafanyaje? Nikimkemea, ukoo utawaka moto. Nikinyamaza, nyumba itapinda."

Akaleta fundi wake, mtu mwenye jina mjini. Mshonaji alinuna wiki nzima. Basi ikawa hivyo: fundi wa wifi anajenga kutoka uani, mume wake anajenga kutoka barabarani, wakutane katikati. Asubuhi palinukia mchanga uliolowa. Jioni walimwagilia sakafu mbichi na kuifunika magunia, kisha wakakaa watatu juu ya rundo la matofali wakibishana dirisha la nani litapata upepo. Wifi alikuwa na kicheko kikubwa wakati huo, kicheko cha kuamsha mbwa wa jirani.

Siku mafundi walipokutana, kuta zilionana vizuri. Sakafu zikakataa. Ya mbele ilikuwa juu, ya nyuma chini, tofauti vidole vinne. Watu wakajaa kutazama. Wifi akaja na mwiko wake wa jikoni, tayari kwa ugomvi, kila mtu akidhani leo patachimbika, lakini akatazama, akakohoa, akasema mbele ya wote: "Fundi wangu kakosea. Yaishe."

Yakaisha. Kuanzia hapo mume wa mshonaji akawa fundi kwelikweli. Watu walikuja kuiona sakafu ya mbele na kumpa kazi, nyumba baada ya nyumba, mpaka alipofariki. Na mshonaji akapata utani wa maisha.

"Mama, nisaidie kidogo," Bwana Futi alisema sasa, akiukunjua mpira. "Nishikie ncha hii hapa mlangoni. Mimi nakwenda na nyingine kule nyuma. Maji yakitulia, tunapiga alama."

"Mimi hunifundishi kushika mpira," mshonaji alisema huku akiinuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alifurahi. "Nimemshikia fundi kabla wewe hujaota meno."

Akaisimamisha ncha ya mpira ukutani, akabana tundu la mpira kwa kidole gumba, akatulia kama sanamu.

"Mama, kidole."

"Kimefanya nini?"

"Kitoe. Ukiziba, maji hayawezi kupanda wala kushuka. Yanakudanganya."

"Si yatamwagika?"

"Hayamwagiki. Yaache yapumue."

Akatoa kidole. Maji ndani ya mpira yakashuka, yakayumba, yakapanda kidogo, yakatulia. Yalitulia chini ya pale yalipokuwa, vidole vitano au sita.

Mshonaji aliyatazama. Jua la siku ile likamrudia mgongoni. Alikuwa na mimba ya kwanza, amesimama hapahapa kabla hapajawa mlango, na mume wake akipaza sauti kutoka uani, kwenye alama ya fundi wa wifi: "Imetulia?" Naye akijibu, "Imetulia!" kwa furaha, kidole gumba kimebana mpira kwa nguvu zote ili tone lisipotee. Ndipo alama ya mbele ilipochorwa, na sakafu ikaanzia kwenye alama hiyo.

Bwana Futi hakuona kitu. Aliendelea kuchora kwa penseli, akipima kutoka kwenye mistari hadi chini, akijisemea.

"Huku nyuma pamenyooka kama meza. Kisa kiko mbele. Huyu fundi alianzia juu mno hapo mlangoni. Katikati akashtuka, akawa anaishusha sakafu kidogo kidogo ili akutane na mwenzake, lakini korido ikamwishia. Ila hodari, mama! Kuishusha hivi bila mtu kujua si mchezo."

Kumbe! Mume wake alimwambia ameilaza makusudi, ili maji ya kudeki yajiendee yenyewe. Na yeye akautangazia mtaa mzima.

Akamgeukia wifi. Wifi alikuwa akitazama dari kama mtu anayetaka kuinunua.

"Ulijua."

"Wifi, tuyaache."

"Ulijua!"

Wifi akajishusha polepole, akakaa kwenye kidato.

"Alinifuata shuleni, jikoni, mikono ina saruji," alisema. "Akaniambia, 'Dada, alama ya mbele imekosewa. Mke wangu aliziba mpira.' Nikamwambia twende tukamweleze mkeo, ni kitu kidogo, tuvunje tuanze upya. Akakataa. Akasema, 'Anavyofurahi kunishikia ule mpira, dada, siwezi.' Akaniapisha."

Mshonaji alikumbuka. Baada ya siku ile mume wake hakumpa tena mpira aushike. Alimwambia jua si zuri kwa mimba, akamletea kigoda kivulini, naye akawaringia majirani kwa hicho kigoda.

"Na mimi nikakuita mtu wa bondeni miaka yote hii."

"Ningekujibu nini? Jibu lilikuwa moja, na nilikuwa nimeapa. Mwanzoni nilicheka, si uwongo. Halafu kila msiba bondeni, kila harusi bondeni. Mpaka wapangaji wangu wakaanza kusema bondeni." Wifi alipangusa vumbi ambalo halikuwapo kwenye goti. "Ulidhani nimekwenda kubanana na wajukuu kwa sababu sina kitanda huku?"

Mshonaji alipandwa na aibu, akaona afadhali ardhi ipasuke. Alimlilia mume wake palepale mbele ya mgeni, kilio ambacho hakuwa amekilia hata siku ya maziko, na kati ya machozi akamkasirikia pia. Mtu gani anakuficha kosa lako mpaka anakufa! Bwana Futi akajifanya anakunja mpira.

Alipoweza kusema, alisema, "Uza."

Wifi akainua kichwa.

"Ukitaka kuuza, naitikia. Shahidi ni huyu bwana. Lakini uuze kwa kutaka, wifi, si kwa kuukimbia mdomo wangu."

Wifi alikuwa anapapasa ukingo wa kidato kwa kiganja, pale sakafu nyekundu ilipokutana na ya kijivu.

"Na fundi wako?" mshonaji aliuliza. "Naye alijua?"

"Nilimwambia yote. Akasema, 'Mpe mdogo wako sifa hiyo. Mimi jina ninalo, litanitosha.'" Wifi alishusha pumzi. "Halikumtosha. Nani angempa nyumba tena mtu aliyekosea sakafu ya korido? Ndiyo akaenda kukaa nyuma ya soko akitengeneza majiko ya bati."

Mshonaji akajishika kifua. Kila alipopita nyuma ya soko alimtania yule mzee. "Fundi, siku hizi umejifunza kupima?" Ndiyo salamu yake, hajui nyingine. Na mzee alikuwa akinyanyua mkono na kucheka, kila mara, kicheko cha mtu mpole.

Akaifunika cherehani. Akachukua mtandio wake msumarini.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa mzee wa majiko."

"Utamwambia nini?"

"Sijui. Inuka, twende kabla sijapata akili ya kuogopa."

Akampa wifi mkono, akamvuta kutoka kwenye kidato. Bwana Futi akawafuata hadi mlangoni, mpira ukimwaga maji kwenye viatu vyake. "Mama zangu, sasa mnunuzi nimwambie nini?" Walikuwa wameshavuka barabara.

Walitembea kwa mwendo wa wifi, maana miguu haikuwa ile ya zamani. Wifi alisema chumba cha nyuma kinahitaji dirisha kubwa zaidi, na mshonaji hakuthubutu kumuuliza kwa ajili ya nani. Sokoni hawakusimama. Nyundo ilisikika kabla ya kibanda kuonekana, bati likipigwa taratibu, na mshonaji akapunguza mwendo. Wifi akamshika kiwiko.

Nyundo ikanyamaza. Mzee alikuwa amewaona. Akaweka jiko chini, akanyanyua mkono, na akaanza kucheka kabla hajaambiwa neno.