Jeneza Lisilotaka Chuma

Msasa ulikwama kwenye pembe ya jeneza, ukachanika. Dada Mkubwa alipapasa kwa kidole, akahisi kitu kigumu chini ya unga wa mbao uliokandwa kwa gundi. Akakwangua kwa patasi. Kichwa cha msumari kikajitokeza. Alipokwangua pembe nyingine akakuta mwingine, na hapo damu ikamchemka.

Karakana ilikuwa ya marehemu baba yao. Sasa aliiendesha yeye na mdogo wake, fundi mwenye mikono ya dhahabu lakini asiye na chembe ya subira, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Jana yake Mama Vifungo, jirani anayeuza nyuzi na vifungo ng'ambo ya barabara, alikuja kuagiza jeneza la mumewe. Hakutaka nakshi wala vishikio vya kung'aa. Aliomba jambo moja tu: lisiwe na chuma. Katika dini yao chuma ni cha kupigania na cha kufungia watu, na aliyekufa hafungwi. Vigingi vya mbao na gundi, basi. Dada Mkubwa aliahidi, na Chapuchapu alikuwa papo hapo, akiitikia kwa kichwa kama mtu mwenye adabu zake.

"Chapu, hebu njoo hapa."

Chapuchapu alikuja, akaona palipokwanguliwa, wala hakushtuka.

"Dada, vigingi vingetukalisha hapa mpaka kesho. Nimeifunika vizuri, hakuna atakayeiona."

"Aliomba isionekane, au aliomba isiwepo?"

"Mambo yenyewe ya ajabu. Mungu gani anaogopa msumari?" Akacheka.

Kicheko hicho kilimchoma Dada Mkubwa kuliko misumari yenyewe. Huyu huyu ndiye aliyegombana na ukoo mzima baba yao alipofariki, eti kwa sababu shangazi aliingia na viatu alikolazwa marehemu. Huyu huyu ndiye anayezima mashine zote saa ya sala, na ole wake mteja atakayepiga hodi. Ya kwake ni ibada, ya jirani ni vituko. Nani kampa cheo cha kupima imani za watu?

"Mazishi ni leo alasiri," Chapuchapu alisema. "Ukilibomoa tutawachelewesha. Akija mwambie liko sawa, roho yake itulie."

Dada Mkubwa alikwenda kwenye rafu, akashusha kitabu kitakatifu cha mdogo wake kilichofungwa kwa kitambaa safi. Akapangusa vumbi la mbao mezani, akakiweka.

"Mwambie wewe. Weka mkono hapa, halafu umwambie hakuna chuma."

Uso wa Chapuchapu ulibadilika. "Kitabu hakichezewi, dada."

"Kumbe unajua kuna vitu havichezewi."

Mlango ulikuwa wazi, na Mama Vifungo alikuwa tayari anaingia, macho yamevimba kwa kulia.

"Wanangu, poleni na kazi. Limekwisha?" Akaweka kiganja juu ya mfuniko, akaanza kuupapasa taratibu. "Hili tu ndilo aliloniomba kabla hajafumba macho. Hakuniomba kingine."

Chapuchapu alimtazama dada yake, na dada yake hakumsaidia.

"Mama," alisema mwishowe, "nimelipigilia misumari. Halafu nikaificha."

Kiganja kikasimama. Mama Vifungo hakupiga kelele.

"Ungeniambia huwezi, mwanangu, ningekwenda kwa fundi mwingine."

"Naitoa sasa hivi, mama. Naweka vigingi."

"Hapana. Dada yako ataitoa." Akavuta kigoda, akaketi kando ya jeneza. "Waombolezaji watasubiri. Ila wewe usiliguse tena jeneza la mume wangu."

Dada Mkubwa akachukua koleo, akaanza kung'oa. Chapuchapu alibaki amesimama pale pale, mikono haina kazi, na hakuna aliyemwonea huruma.