Mgeni Aliyeanika Mashuka

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Lakini mdomo wake, Mungu anisamehe, ungetolewa sokoni bure usingepata wa kuuchukua. Watoto wa mtaani wanamwita Chokaa, kwa vile hatoki mlangoni kabla hajajipaka poda uso mzima. Sisi wawili rangi yetu ni moja, ya chai iliyotiwa maziwa kijiko kimoja. Yeye anakihesabu kile kijiko tu.

Tangu mwanangu aseme amepata mchumba, na mchumba mwenyewe ni wa wale watu weusi wa ng'ambo ya mto, nyumbani hapakaliki.

"Uzao ule ni wa kutumwa tu," anasema dada, "tangu dunia iumbwe."

"Aliyeiumba hakusema hivyo."

"Wewe na dini yako! Mtazaa watoto wasioonekana gizani."

"Tutawasha taa, dada."

Anasonya. Mwanangu anaondoka mezani na chakula hajamaliza. Mimi nabaki na sahani. Ndiyo maisha yetu hayo.

Mama wa binti, mjane kama mimi, mwokaji mikate, akatuma salamu kwamba angekuja Jumamosi mchana aone mwanawe anakwenda kuishi wapi na kina nani, ndipo atoe jibu. Nami nilitamani sana vijana wakioana wakae kwangu, nyumba isikie sauti ya mtoto kabla sijafa. Nikamkalisha dada chini. "Mgeni akija, nakuomba neno moja tu: karibu. Mengine niachie mimi." Akaapa. Siku yenyewe akavaa gauni lake la mikono mirefu, akaketi sebuleni kama picha ya ukutani. Nikaenda kusali roho imetulia.

Narudi, napitia mlango wa uani kama kawaida yangu, namkuta mama wa makamo, mweusi, gauni la kutokea, kitambaa kipya kichwani, mikono imelowa hadi viwikoni, anaanika mashuka yangu. Viatu amevivua, ameviweka juu ya ukingo visilowe. Kando yake kikapu cha mikate kimefunikwa vizuri.

"Wewe ndiye mama wa kijana?" akaniuliza kwa tabasamu, kibanio cha nguo pembeni mwa mdomo. "Nimewahi, nilipata lifti. Nikapiga hodi mlango wa mbele, dada yako kanileta huku kanipa beseni. Nikasema, loo, hawa watu hawana makuu, wamenipokea kama mtu wa ndani."

Mara dirisha la jikoni likafunguliwa.

"We mama wa kufua! Ukimaliza hayo kuna mapazia. Na usiingie ndani na miguu hiyo, leo tuna mgeni wa heshima."

Yule mama akatoa kibanio mdomoni. Akanitazama. Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Liliondoka polepole, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Dada," nikasema, "mgeni ndiye huyu."

"Sasa mimi ningejuaje? Si ulisema unatafuta mtu wa kufua?"

"Na mchumba ni wa watu gani, hukujua?"

"Nilijua! Ila nilidhani mama yake atakuja na dalili za ugeni."

"Kapiga hodi mlango wa mbele, kikapu mkononi. Ulitaka dalili gani, tarumbeta?"

"Basi yaishe, mwambie aingie. Kwani kuanika nguo kunaua? Wenyewe wamezoea."

Yule mama alikuwa ameshavaa viatu. Nikamsindikiza hadi barabarani, nikamwomba radhi. Sikumtetea dada. Nilitafuta pa kumtetea sikupaona.

"Wewe sina neno nawe," akasema. "Na kijana wako nimempenda, akija kwangu hushika ufagio bila kutumwa. Waoane. Lakini binti yangu hatalala nyumba ile hata usiku mmoja. Wajukuu wakija, utakuja kuwaona kwangu, mkwe."

"Ni haki yako," nikamjibu.

Niliporudi, dada yuko mezani, amekata mkate wa mgeni, anatafuna.

"Mtamu," akasema. "Hao kwa kazi za mikono huwawezi. Haya, kakubali?"

"Kakubali. Ila hawatakaa hapa."

"Afadhali! Basi kile chumba chenye dirisha kubwa nihamie mimi. Na harusini nivae lile la bluu, au nishone jipya?"

"Vaa la nyumbani," nikamwambia. "Utakuwa nyumbani."

Akacheka, akidhani namtania. Nikatoka nje nikakaa kizingitini kumngoja mwanangu arudi kutoka kazini, kwa maana habari ile sikutaka aisikie kutoka mdomo mwingine.