Mfuko Mwekundu

Mama Amana hakuwa na farasi hata mmoja wa kwake. Aliwalea majike wa wenyewe: waliletwa bandani wakiwa na mimba, akawalisha na kuwaangalia, na wakishazaa wakarudi kwao na watoto wao. Ni amana hawa, alikuwa akisema, na jina likamganda. Kila alfajiri aliwaombea mmoja mmoja.

Asubuhi hii sala aliikatiza. Mtamba wa mwalimu mstaafu, jike ambaye hajawahi kuzaa, alikuwa amelala ubavu kwenye nyasi kavu, akisukuma na kuguna. Chini ya mkia palikuwa pametokeza mfuko. Ulipaswa kuwa mweupe, mwembamba kama utando wa maziwa. Huu ulikuwa mwekundu, mnene kama zulia lililoloa.

"Shemeji, njoo na mkasi."

Mdogo wa marehemu mumewe akaja na mkasi mkononi na utani mdomoni. "Leo tunamnyoa nani?" Alipoona, utani ukamfia. "Hicho ni kizazi, shemeji. Kimegeuka. Ukikikata umemuua."

Hilo ndilo Mama Amana alilokuwa akiliogopa.

"Mpigie daktari wa mifugo," shemeji alisema.

"Nimeshapiga. Hapatikani."

Jike akasukuma tena. Mfuko ukaongezeka, wala haukupasuka. Mama Amana akajilazimisha kufikiri. Kizazi kikitoka humfuata mtoto, hakimtangulii. Huyu hajazaa. Basi hii ni kondo ya nyuma iliyobanduka kabla ya wakati, na mtoto yumo ndani, hana pumzi ya mama wala ya kwake. Ndivyo daktari alivyomfundisha. Lakini daktari alifundisha kwa maneno tu, na hapa palikuwa na nyama hai. Na kama amekosea? Akilini alimwona mwalimu akishuka kwenye gari, karoti mfukoni, akiulizia jike wake.

"Shika mkia," alimwambia shemeji, akiuchukua mkasi.

"Sishiki. Nikishika nitakuwa shahidi."

"Basi shika ukiwa umefumba macho."

Akashika, akafumba kweli.

"Ee Mungu," Mama Amana alinong'ona, "kama mkono huu unakosea, uzuie." Akangoja kidogo. Mkono haukuzuiwa. Akakata.

Damu ilimwagika hadi viwikoni, na kwa kitambo hicho aliamini ameua. Kisha ndani ya wekundu akaona utando mweupe, na ndani ya utando kwato mbili, laini kama sabuni iliyolowa.

"Fumbua macho, tuvute. Akisukuma tu, akipumzika tunaacha."

Mtoto akateleza nje mzimamzima, ulimi umebadilika rangi, mbavu zimetulia. Kwa mkono mmoja Mama Amana akampangusa pua, akamsugua kwa gunia, akamchokoa tundu la pua kwa unyasi. Kimya. Akasugua tena, huku akilia bila sauti.

Mtoto akapiga chafya.

"Afya, bwana mdogo," shemeji alisema, na sauti yake ikakatika.

Lakini Mama Amana alikuwa akimtazama mama mtu, ambaye shingo yake bado ilikuwa chini. Alitazama mpaka damu ikapungua, ikawa matone, ikakoma. Ndipo jike akainua kichwa polepole, akamgeukia mwanawe, akamngurumia kwa sauti ya chini.

"Shemeji, weka mkasi chini sasa," mwenzake alimwambia, akiuona bado umebanwa mkononi mwake.

"Nifungulie vidole," alisema Mama Amana. "Mimi siwezi."