Kitako cha Debe

Warigia alichaguliwa kuwa kiongozi wa akina mama wa soko la Thika Alhamisi moja ya mwaka wa 1951, kabla hajamaliza kutafuna muhogo uliokuwa kinywani. Kura zilipigwa kwa kuinua mikono, na yeye mwenyewe aliinua wake bila kusikia kwamba jina lililotajwa lilikuwa lake. Waliposhangilia alisimama, akapangusa midomo, na kwa furaha ya cheo akatamka neno ambalo mtu mwenye akili zake angelilalia kwanza.

"Jumamosi ya wiki ijayo," alisema, "wale mama wa Kilima Mbogo watakuwa hapa na mbaazi yao. Nisipowarudisha, hiki kiti mpatie mwingine."

Akina mama wakapiga vigelegele. Waithira, aliyeshindwa kwa mikono sita tu, alipiga kuliko wote. Alijua ulimi hauna mfupa, na kwamba wiki moja si siku nyingi kungoja.

Ng'ambo ya mto Athi, chini ya Kilima Mbogo, ndiko Ukambani inakoanzia. Kwa watu wa Thika wa siku zile hiyo ilikuwa nchi nyingine kabisa, yenye lugha yake, asali yake, mbaazi zake, na mama mmoja aitwaye Syokau aliyeliongoza soko la huko kama jemadari. Zamani mama wa huko walikuja Thika kila Jumamosi kubadilisha mbaazi kwa viazi na ndizi. Lakini tangu ugomvi wa debe, miaka tisa sasa, waliipita Thika mchana kweupe, pua juu, wakaenda kuuza Ruiru. Saa nne zaidi za kutembea, mizigo mgongoni, ili tu kuwakomoa watu wa Thika! Nao mama wa Thika walipotaka mbaazi, walipanda gari la moshi mpaka Ruiru kununua zile zile zilizopita mbele ya milango yao asubuhi. Husemwa kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, lakini safari hii nyasi za Ruiru zilinawiri. Viazi vya Thika ndivyo vilivyooza.

Ungemuuliza mtu yeyote sokoni ugomvi ulianzaje, angekwambia bila kupepesa macho: Wamboi, mama mkwe wa Warigia, aliligonga debe lake kwa nyundo mpaka kitako kikaingia ndani, lionekane limejaa na halijajaa. Wamboi alikuwa mwizi, basi. Mtu mmoja tu alijua kwamba si kweli, naye ndiye huyu aliyekuwa akipigiwa vigelegele.

Siku ile Warigia alikuwa bibi arusi wa miezi miwili, mgeni kutoka Ruiru, na alitumwa kutangulia sokoni na debe tupu. Akitaka kuonyesha wepesi wake, alikiruka kijito badala ya kupita juu ya gogo. Yeye alifika ng'ambo salama; debe lilifika juu ya jiwe, kwa kitako. Alipoona lilivyobonyea aliogopa, akaenda akaliweka chini mahali pa mama mkwe ili asione tena pale palipobonyea. Wamboi alipokuja na viazi vyake alilikuta limekaa vizuri. Akapima, akawauzia mama wa Kilima Mbogo madebe kumi na moja, bila kufikiria hata mara moja kulitazama chini.

Jumamosi iliyofuata Syokau alirudi na wenzake, akalipindua debe mbele ya soko zima. Wamboi alikitazama kitako. Kisha alimtazama mkaza mwana wake, mara moja tu, na Warigia akatazama vidole vya miguu yake. Mama yule hakujitetea hata kwa neno. Aliokota debe lake, akaenda nyumbani, na sokoni hakurudi tena. Kanisani alihama benchi la mbele, akawa anakaa nyuma karibu na mlango. Debe likawa la kunyweshea kuku.

Na kwa kuwa desturi ni desturi, binti wa kwanza wa Warigia alipewa jina la nyanya yake, na watoto wenzake wakamwita Wamboi wa Debe. Kila aliposikia hivyo Warigia alijiapiza kwamba atasema kesho. Kesho hiyo sasa ilikuwa na umri wa miaka tisa.

Jumatatu alfajiri alishika njia kwenda Kilima Mbogo, na Waithira akajitolea kumsindikiza, kwa upendo tu, alisema. Walipita mashamba ya mkonge, wakavuka mto, na kabla ya jua la utosi wakamkuta Syokau chini ya ukuta wa duka akisuka kiondo. Aliwapa maji na uji, maana adui naye ana koo, lakini vidole vyake havikuacha kusuka.

"Mama, habari ya siku nyingi?" Warigia alianza.

"Mzuri. Nyinyi watu wa Thika mmepotea."

"Sisi? Si ni nyinyi mnatupita kila Jumamosi kama hatuko!"

"Tunapita kwa sababu hapo kwenu debe iko na tumbo kwa ndani." Syokau alivuta uzi. "Lakini wewe ni kiongozi mpya, na umekuja kwa miguu yako, kwa hivyo nitakwambia. Huyo mwenye debe aje hapa Ijumaa, mbele ya watu, na hiyo debe yake. Aseme kwa mdomo yake, nilikosa. Akisema, Jumamosi mtatuona. Akikataa, mbaazi yetu itaenda Ruiru mpaka Yesu arudi."

"Hiyo ni haki kabisa," alisema Waithira, na njia nzima ya kurudi aliimba nyimbo za kanisa.

Warigia hakuimba. Nyumbani alimkuta Wamboi akichambua maharagwe, akamweleza masharti huku akiomba moyoni mama mkwe awake, akatae, amtukane Syokau na ukoo wake. Akikataa, kiti kitapotea na siri itabaki pale pale. Wamboi alichambua maharagwe mengine kama matano hivi.

"Nitaenda," alisema. "Miaka tisa nimeitwa mwizi bure. Nikiitwa siku moja zaidi ili soko ipate faida, hiyo ni hasara gani?"

Akainuka, akawafukuza kuku, akaanza kulisugua debe kwa majivu mpaka likang'aa. Warigia alifungua mdomo, ukajifunga wenyewe. Usidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na mwoga aliyepewa cheo ni mwoga aliyepandishwa juu ya meza.

Ijumaa nusu ya soko la Thika ilivuka mto kwenda kushuhudia. Wamboi alikuwa amefunga kitambaa chake cha Jumapili. Mama wa Kilima Mbogo walijipanga upande mmoja, wa Thika upande mwingine, na debe likawekwa katikati kama mshtakiwa. Wamboi alisogea mbele, mwembamba, wima, akakohoa.

"Mimi Wamboi," alianza, "hiyo siku ya debe, nili..."

"Maitu, mama yangu, ngoja!"

Warigia mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka, na yaliyokaa ndani miaka tisa yakatoka mbio yakikanyagana: kijito, gogo, kuruka, jiwe. "Ni mimi niliiangusha. Huyu mama hakujua kitu. Hakuna nyundo, hakuna wizi. Niliogopa kusema kwa sababu nilikuwa mgeni kwa nyumba yake, halafu nikaogopa kwa sababu nimekawia, halafu nikaendelea tu kuogopa." Machozi yalimtoka na hakuyapangusa. Aibu ilimchoma, lakini chini ya aibu alihisi wepesi ambao hakuwa ameuonja tangu aolewe.

"Uuu! Na huyu ndiye mwenyekiti?" Waithira alipaza sauti. "Ametufanya tununue mbaazi Ruiru miaka tisa!"

"Kiti chukueni," alisema Warigia. "Jina la huyu mama ndilo mnirudishie."

Syokau aliliendea debe, akalipindua, kitako juu, akapapasa lile shimo kwa kiganja. "Leteni viazi," aliagiza. Akaletewa. Akaweka kimoja shimoni. Akaweka cha pili. Akaweka cha tatu, kikakaa kwa kubanana. Cha nne kikabingirika chini.

"Tatu," alisema Syokau polepole. Aliitazama miguu yake, iliyopasuka visigino. "Nimetembea mpaka Ruiru miaka tisa, na hii miguu, kwa sababu ya viazi tatu?"

Kicheko kilianza tumboni mwake, kikapanda mabegani, kikamkalisha chini kwa nguvu. Mama wa Kilima Mbogo wakaangua, wa Thika wakadakia, na punde watu waliokuwa wamenuniana miaka tisa walikuwa wameshikana mikono wasije wakaanguka. Mama mmoja alikuwa akihesabu kwa sauti ni milima mingapi imepandwa kwa kila kiazi. Hata Waithira alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Syokau alipopata pumzi alisimama, akakung'uta nguo, akamwendea Wamboi. "Mwaitu," alisema, kwa neno ambalo Mkamba humwitia mama yake, "nilikuita mwizi mbele ya watu. Sasa mbele ya watu ninasema, nilikosa." Kisha akamgeukia Waithira, akimwonyesha Warigia kwa kidole. "Na huyu mkimtoa, nitauziana na nani? Na mtu ambaye hajawahi kuangusha kitu? Huyo mimi simjui."

Njiani kurudi, Warigia alitembea nyuma ya mama mkwe kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu.

"Maitu, utanisamehe? Hukujua..."

"Nani hakujua?" Wamboi hakugeuka. "Asubuhi hiyo debe ilikuwa kwa mkono yako. Wakiipindua tu, nilijua."

Warigia alisimama katikati ya njia. "Na hukusema!"

"Ningesema, ungerudi Ruiru ukilia, na kijana wangu abaki bila bibi. Nikasema wacha, akizoea nyumba atasema mwenyewe." Wamboi alicheka kidogo. "Kumbe wewe ni mtu wa kuzoea polepole!"

Warigia alimkimbilia, akamkumbatia kwa nyuma, kiondo na vyote, akilia na kucheka, mpaka mama yule akalalamika kwamba atamvunja mgongo ambao umebeba mengi ya kutosha.

Jumamosi mama wa Kilima Mbogo walifika kabla ya umande kukauka, zaidi ya thelathini, mbaazi mbichi zimejaa vyondo, na Thika ikawapokea kwa vigelegele vilivyosikika hadi stesheni. Ruiru walingoja mbaazi siku hiyo mpaka wakachoka. Wamboi alikuwa amekaa mahali pake pa zamani, lundo la viazi mbele yake, na watu walipita kumsalimu mmoja mmoja, wengine mara mbili kwa ajili ya aibu. Syokau ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza. Warigia, kwa bidii ya uongozi, aliruka kulichukua debe ampimie mgeni.

Wamboi akampiga kofi dogo la mkono.

"Hiyo debe wacha nishike mimi, mwenyekiti," alisema. "Wewe beba viazi. Hizo hata ukiangusha, tutaokota."