Mji wa Vipande Tisini na Kimoja

Mama Namkunda hana kawaida ya kulala mchana. Kulala mchana, huwaambia watu, ni kazi ya wagonjwa na paka. Lakini leo ameketi kuchambua maharage, jua limepiga bati, kichwa kinainama mara moja tu, kidogo, kama mtu anayekubali jambo, na sakafu ya sebule inakuwa barabara. Ni barabara nyeupe ya changarawe, haina mwanzo, na anaitembea kwa kandambili akijua vizuri anachotafuta, maana hata ndotoni yeye si mtu wa kuzurura. Anatafuta maneno. Miaka miwili iliyopita binti yake Namkunda, aliyekuwa huko kusini akiosha vioo vya darubini kubwa kuliko zote barani, alipiga simu akasema, mama, kuna kitu nataka kukuambia. Na yeye alikuwa na kuku wa kunyonyoa, wageni wako njiani, akajibu, kama ni kirefu kiweke mpaka Jumapili. Akakata. Ijumaa gari la kazini likapinduka naye akiwa ndani. Jumapili ikafika, Namkunda hakupiga.

Kwenye lango la mji wa kwanza amesimama mtu mwenye koti jeupe. Hana uso. Mahali pa uso ni laini kama tako la sufuria mpya. Mama Namkunda hashtuki. Wewe ndiye mwenyeji hapa? anauliza. Mimi ni mwenyeji wa kila mahali ambapo mgeni amechelewa, anajibu yule. Sikukuuliza hayo, nimekuuliza kama unaujua mji. Naujua, mama. Basi twende, na nikikuuliza unijibu kama mtu. Wanaingia. Nyumba ni fupi, kuta zake ni vioo, kila nyumba imo ndani ya nyumba ya pili, na kina Mama Namkunda wengi waliojifunga kanga moja wanatembea pamoja naye pande zote, wote wamekunja uso. Katikati ya mji kuna bomba refu la shaba lililoelekezwa juu. Hii ndiyo darubini iliyokuwa kubwa kuliko zote barani, anasema mwenyeji. Hii? Mbona bomba la maji. Ilikuwa kubwa, mama, mpaka siku ilipoacha kuwa kubwa. Anaweka jicho. Anamwona. Namkunda amesimama nje ya kuba jeupe, na ovaroli yake, simu sikioni, mdogo kama punje ya mchele. Ni siku ile ile, dakika ile ile. Simu imeshakatwa, mkataji mwenyewe anajua, lakini msichana haiteremshi. Anaendelea kuongea. Anayasema yote, taratibu, kwenye simu isiyo na mtu, midomo inacheza, mara anacheka kidogo, mara anajifuta jicho kwa mkono wa ovaroli. Simsikii, anasema mama yake. Mwanga hauna sauti, anasema mwenyeji. Basi nitamsoma midomo, lakini ni mdogo mno, nipe darubini iliyo kubwa zaidi. Tulia hapa, mama, funika jicho lingine, giza la bomba lizoeleke, wenye kazi hii wote huanza kwa kungoja macho, utamwona vizuri. Muda gani? Pengine saa nzima. Saa nzima! Kubwa iko wapi? Iko mji wa pili, ila kioo kadiri kinavyozidi ukubwa ndivyo kinavyookota mwanga uliotoka mbali zaidi, na uliotoka mbali ni wa zamani zaidi. Mama Namkunda hamalizi kusikiliza. Ameshatangulia, kandambili zinapiga changarawe.

Barabara inapanda huku miguu inashuka. Mji wa pili una nyumba ndefu, na ndani ya kuta kina Mama Namkunda wamepungua, wamezeeka kidogo. Kioo chake ni kimoja, kizito, kipana kuliko kitanda cha watu wawili, nacho kiliishika sifa ya ukubwa kwa miaka mingi mpaka kikanyang'anywa. Anachungulia, na Namkunda yuko hapo, mkubwa, safi, hata pengo la meno ya mbele linaonekana. Ana miaka saba. Amechuchumaa uani, ameshika kitu viganjani, anaita, na midomo inasomeka bila shida yoyote: mama, njoo uone. Nyuma yake mwanamke mwenye ndoo anapita haraka. Hageuki. Mama Namkunda anamtazama mwanamke yule mpaka anapotoka kwenye kioo. Alikuwa ameshika nini? anauliza. Anayejua ni aliyegeuka, anajibu mwenyeji. Acha mafumbo yako, hii siyo siku niliyoitaka, nirudishe kwenye bomba, nitangoja hiyo saa nzima, nitangoja hata mbili. Wanatazama nyuma. Barabara imekunjwa kama mkeka. Macho ndiyo yanayorudi nyuma, mama, anasema mwenyeji, na kwa mara ya kwanza sauti yake ina huruma. Miguu haijui.

Basi wanaenda mji wa tatu, kwa sababu ndio uliobaki. Huu hauna nyumba. Una kioo peke yake, upana wake hatua kumi na zaidi, na si kioo kimoja bali vipande tisini na kimoja vyenye pembe sita sita, vimepangwa kama sega la nyuki. Anajiona humo mara tisini na moja, na hakuna hata mmoja anayemtazama mwenzake. Kisha picha inatulia. Ni uani kwake kabla haujawa ua. Nyasi, jiwe, kichaka cha miiba. Ni safi kiasi kwamba anaweza kuhesabu majani, na hakuna mtu. Nitamngoja, anasema. Hajazaliwa, mama. Nimesema nitamngoja. Anakaa chini, anakunja miguu, na anangoja kwa muda ambao hajawahi kumpa mtu yeyote.

Wanakuja wenye barakoa na glovu, wanateremsha kipande kimoja. Kila mara tunatoa kimoja, anaeleza mwenyeji, alumini iliyopakwa juu yake huchakaa, tunaiosha yote, tunapaka nyingine. Na yale kiliyoyaona? Kinaanza upya. Nipe pamba, anasema, hii ni kazi ya mwanangu. Anaosha bila kukandamiza, kwa upande mmoja tu, na weupe unatoka, unatoka, mpaka inabaki kioo tupu ambacho hajioni ndani yake. Ng'ambo ya kioo kuna mkono mwingine unaosha pamoja naye, mwendo mmoja. Akisimama, unasimama. Sema mwanangu, ananong'ona. Niko hapa. Sina kuku, sina wageni. Yule wa ng'ambo anashusha barakoa, anavuta pumzi.

Na joto la sebule linamrudia usoni. Nyuma ya nyumba mtu anaosha vyombo. Baba Namkunda kaenda mjini, mlango mama aliufunga mwenyewe, au hakuufunga. Mtu ambaye maisha yake yote amepaza sauti kuuliza nani yuko huko, leo haulizi. Anabana macho. Mama, umeamka? inaita sauti ya kike, na mtaani kila msichana humwita mama. Bado, anasema. Wewe ongea tu.