Karatasi za Kushindwa

"Lete karatasi ulizoshindwa," alisema mzee Pasikali. "Zote. Usibakize hata moja."

Epifania alidhani anadhihakiwa. Alikuwa ametoka Titye alfajiri kwa miguu hadi parokiani Kasulu, maana mzee huyu, karani wa mahakama aliyestaafu, alisifika kwa kusaidia wanyonge bure. Kumbe naye anatonesha kidonda! Mumewe Venanti, mzaliwa wa Nyabibuye, upande huu huu wa mpaka, alifungwa akiitwa Mrundi asiye na kibali. Akimaliza kifungo avushwe mpaka. Mahakama ya wilaya ilimtia hatiani. Mahakama Kuu Tabora nayo ikamkatalia rufaa, siku kumi na moja zilizopita.

"Nilizichomeka kwenye paa la banda la mbuzi," alisema kwa haya. "Kwetu neno la kushindwa halilazwi ndani ya nyumba."

"Weee! Mama, ndizo mali yako hizo! Kule Banjul, nchi ya Gambia, kuna tume ya haki za binadamu ya Afrika nzima. Mnyonge anailalamikia serikali, na serikali inaandikiwa barua ijieleze. Ila kwanza watakuuliza: kwenu umebisha kila mlango? Karatasi hizo ndizo zitakazokujibia."

Epifania akashika mdomo. Tangu azaliwe alijua serikali huita watu. Kwamba nayo huitwa, ikajieleza kama mtu ambaye mbuzi wake kala mahindi ya jirani, hilo hakuwahi hata kuliota.

"Mana yanje! Mungu wangu! Serikali?"

"Serikali. Lakini umebakiza mlango mmoja, Mahakama ya Rufani. Taarifa ya kukata rufaa ni siku kumi na nne. Zimekubakia tatu, nami nataka namba ya kesi."

Alirudi Titye mbio mbio. Panya walikuwa wameguguna pembe moja ya karatasi. Namba ilikuwa salama. Kesho yake Pasikali akaandika taarifa, na mchana Epifania alikuwa gerezani, kwenye benchi la wageni, akimnong'oneza mumewe dirishani habari ya tume ya Banjul.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," Venanti alisema kwa uchovu. "Mke wangu, unatafuta kushindwa tena?"

"Ndiyo! Wanishinde kila mahali, mpaka waishiwe na pa kunishindia. Wakinisikiliza njiani, utarudi nyumbani. Wasiponisikiliza, nakwenda Banjul. Tia dole gumba."

Venanti alimtazama kama anamwona leo kwa mara ya kwanza. Kisha akatia dole gumba, na machozi yakamtoka.

Askari wa zamu, aliyekuwa kando akiyasikia yote, aliipokea karatasi aipeleke kwa mkuu wa gereza. Aliisoma palepale, midomo ikichezacheza. Venanti alipokwisha kurudishwa ndani, askari alikuwa bado amesimama nayo mkononi.

"Mama," aliuliza kwa sauti ya chini, "huko ulikokutaja, hata mtu mdogo wa serikali anaweza kupeleka lalamiko lake?"

Epifania akasogea pembeni, akampisha nafasi kwenye benchi.